Fundi wa Taa za Nyuma

Mpaka leo nikiona trela inavutwa barabarani, kitu cha kwanza ninachoangalia si mzigo wala dereva, ni taa zake za nyuma. Ikikaribia kona nasimama nione kama itakonyeza. Ikikonyeza naendelea na safari yangu. Tabia hii niliambukizwa na mzee mmoja pale Kisii mjini, fundi wa nyaya za magari, ambaye kwa miaka mingi kibaraza chake na changu vilitengwa na mtaro wa maji machafu tu.

Jina alikuwa nalo, na watu wa kwao walikuwa na jingine la kumheshimu, lakini mimi nilimwita fundi, naye akaniita Mama Pwani, na hatukuhitaji zaidi. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nililetwa Kisii na mume aliyekuwa karani wa serikali, uhuru ukiwa bado mpya. Mume akahamishiwa Kisumu, akaenda, hakunirudia, nami nikabaki na cherehani. Silisemi hilo ili nihurumiwe. Niliacha kulihisi zamani, kama jino lililokufa ambalo bado limo kinywani.

Fundi alikuwa mtu wa majivuno. Naanza na hilo kwa sababu watu wakikumbukwa huoshwa mno mpaka hawatambulikani. Alivaa tai kila siku ya kazi, tai ileile ya kahawia, akaichomeka ndani ya shati katikati ya vifungo isije ikaingia grisi, na juu yake koti la kaki lenye mifuko kuliko haja. Plaisi zake, zile koleo za kukatia nyaya, hazikuguswa na mtu. Ukiziokota chini kwa nia njema ukampa, alizipokea, kisha akazifuta pale palipokuwa na vidole vyako, wewe ukimtazama. Alisema kazi alijifunza jeshini wakati wa vita. Akiwa na furaha, vita vyenyewe vilikuwa Misri. Mteja akimuudhi, vilikuwa Burma. Siku moja nikamuuliza ilikuwa wapi hasa.

"Mama Pwani," akasema, "vita ilikuwa kubwa."

Kazi yake ilikuwa kila chenye waya, ila sifa yake ilikuwa trela. Miaka ile Landrova ndiyo ilikuwa gari la mwenye shughuli: misheni, chama cha kahawa, shule ya bweni, mchuuzi wa ndizi. Na kila mwenye Landrova ilifika siku akataka kufunga trela nyuma ili abebe zaidi. Trela zilichomelewa hapo hapo mjini, ekseli ya gari kuukuu na mbao juu yake. Kuzivuta hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa taa, kwa sababu trela ikishafungwa inazifunika taa za gari, na anayekuja nyuma hajui kama wa mbele anafunga breki au anakata kona. Basi fundi alitoboa bati la nyuma ya gari, akafunga soketi yenye matundu saba, akapitisha nyaya ndani ya mpira chini ya gari mpaka zikutane na nyaya za taa. Upande wa trela akafunga plagi yenye pini saba. Plagi ikiingia kwenye soketi, kila anachofanya dereva kinaonekana nyuma ya trela.

Nyaya hizo saba alizieleza kana kwamba ni watu wa boma moja.

"Huyu mwekundu ni ya breki, ni kijana mkali. Hawa wawili ni ya kukonyeza, ni mapacha, lakini hawatoki siku moja. Huyu mweupe ni nyanya. Wote wakitoka kazi wanarudi kwa nyanya. Nyanya akikatika, boma yote iko giza."

Nilikuwa nikimsahihisha Kiswahili chake, mwanzoni, kwa uchokozi tu. Alinijibu kuwa Kiswahili changu ni kizuri sana lakini hakijawahi kuwasha taa. Nikaacha.

Tepu ya kufungia nyaya ilipokosekana, nayo ilikosekana mara nyingi, alivuka mtaro kuniomba vipande vya kitambaa. Nilimpa vya pamba. Alivichovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa, akafunga navyo viungo vya nyaya, kisha akavisha mpira wa ndani ya gurudumu, maana tope jekundu la kule likiingia kwenye plagi halina adabu. Kwa hiyo mabaki ya magauni niliyoshona yalisafiri chini ya magari ya watu mpaka Nyamarambe na Nyaramba na kwingine nisikokujua. Kulikuwa na mke wa mwalimu mmoja aliyenisumbua sana juu ya gauni la maua. Nilimwambia fundi kuwa kipande cha kwapa la gauni lile sasa kiko chini ya gari la misheni, kinaenda kanisani kila Jumapili. Alicheka mpaka akaketi chini. Siku hizo alikuwa anacheka vizuri.

Kupima taa ni kazi ya watu wawili. Mmoja akanyage breki na kuvuta vishikio ndani ya gari, mwingine asimame nyuma ya trela aseme anachokiona. Fundi mara nyingi alikuwa chali chini ya gari, mkono kwenye viungo, na dereva ndani. Wa kusimama nyuma nilikuwa mimi. Hakuniita kwa sababu ya akili zangu. Nusu ya watu waliopita mtaa ule walikuwa wakwe zake kwa njia moja au nyingine, na mwanamume mwenye heshima zake kwa Wakisii halali chali miguu nje mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe wa ndugu yake. Mimi sikuwa mkwe wa mtu. Mbele yangu aliweza kulala atakavyo.

"Mama Pwani! Kuja uone taa!"

Nilitema pini nilizozibana midomoni, nikavuka mtaro.

"Breki!"

"Imewaka."

"Imeshika yote mbili?"

"Zote mbili."

"Kushoto! Inakonyeza?"

"Inakonyeza, fundi. Tangu nije Kisii nimekonyezwa na trela tu, hakuna mwingine."

Madereva walicheka, na fundi chini ya gari alikohoa, maana alikuwa Msabato na utani wa namna hiyo haukumfaa. Lakini alipenda niuseme. Siku nisipousema alitoka chini akaniuliza kama ninaumwa.

Alikuwa na neno alilomwambia kila mwenye gari aliyelalamika kwamba taa zote hizo za nini, yeye anataka kubeba ndizi tu. "Taa ya nyuma si yako," alimwambia. "Ni ya mwenzako." Alilisema kwa sauti ya mahubiri, kidole juu, na wengi walilipeleka makwao na kulitumia kwa mambo yasiyohusu gari kabisa. Yeye mwenyewe baiskeli yake haikuwa na taa, si ya mbele si ya nyuma. Jioni alikwenda kwao Kiogoro gizani akipiga mluzi. Nikimkumbusha, alisema barabara inamjua.

Jambo jingine ni kwamba alikuwa anaogopa radi. Kule mvua ya alasiri haiji bila radi, na radi za Kisii si za kutishia watoto, zinaua ng'ombe na watu. Wingu likishuka aliacha kazi hata kama bisibisi iko katikati ya skrubu, akaja kwangu, akakalia gurudumu la mpira alilokuwa ameliweka kwangu kwa kazi hiyo, kofia gotini, akinong'ona wimbo wa kanisa. Nilimcheka, fundi wa umeme anaogopa umeme.

"Ule wa juu haina swichi," akanijibu, na hakucheka.

Jumamosi hakugusa waya. Ijumaa jua likianza kuinama alifunga sanduku lake hata mwenye gari awe bado anatokwa jasho la haraka, na gari likalala hapo mpaka Jumapili. Alipoteza wateja kwa hilo, wakahamia kwa fundi Mhindi kule karibu na kituo cha petroli, naye hakujali. Sheria alizipenda. Nadhani alipenda kuonekana akizishika kuliko alivyozipenda zenyewe, lakini mimi mtu wa ulimi mbaya, usinitegemee kwa hilo.

Sasa kuna sheria moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna utakachoelewa. Kwetu pwani soni ni haya tu, uso ukiinama kidogo basi. Wakisii wana chinsoni, nayo ina mipaka kama ya shamba. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Atasimama nje aite, ataletewa kiti, ataletewa uji, watazungumza mpaka jioni, lakini mlango ule haupiti. Mahali anapolala mwana na mkewe si pa macho yake. Hakuna anayemlinda, na hakuna anayevuka. Nilipofika niliona ni ugumu bure. Baadaye nikaona jinsi wazee na vijana walivyokaa kwenye kiwanja kimoja miaka yote bila kuchokana, nikanyamaza.

Alikuwa na mwana mmoja wa kiume, mchuuzi wa ndizi. Kijana mwenye haraka, mcheshi, hakuwa na subira ya waya hata kidogo. Alinunua Landrova ndefu, kuukuu, kwa mzungu wa upande wa Sotik aliyekuwa anauza mali yake aondoke. Alipakia ndizi Nyaramba na vituo vya kule, akazipeleka Kericho na mbele yake, na mkewe alikwenda naye, kwa kuwa ndiye aliyejua kubishana bei. Usiku walilala ndani ya gari kulinda mzigo. Nyuma ya viti walitandika godoro, na mapazia ya madirisha niliyashona mimi, ya buluu. Bi harusi yule alipokuja kuyachukua aliona haya kuniambia ni ya nini, mpaka nikamsaidia kusema.

Biashara ikawa nzuri, kijana akachomelewa trela, akaileta kwa baba yake afunge soketi.

Fundi hakufanya kazi nzuri kama ile maisha yake. Alitoboa bati kwa kupima na kupima tena, akakwangua rangi kwenye chuma ili waya mweupe ushike vizuri, akafunga viungo kwa kitambaa changu na nta, akakata kipande kizima cha mpira kiwe kifuniko cha soketi. Alikuwa akiimba. Watu waliokuwa wanangoja magari yao walimsifu, naye akazipokea sifa kama ada yake. Kisha tukapima. Mwana ndani, yeye chini, mimi nyuma ya trela.

Breki ilikuwa sawa. Taa za usiku sawa. Akaita kulia.

"Imewaka, fundi," nikasema. "Lakini haikonyezi. Imeganda."

"Ngoja."

Ikakonyeza mara mbili kwa uvivu, ikaganda tena. Nikamwambia hivyo hivyo. Akatoka chini, akajifuta mikono polepole. Alijua ni nini kabla hajasimama. Kinachofanya taa ikonyeze ni kikopo kidogo cha bati, kama kikopo cha ugoro, wanachokiita flasha. Kimejificha ndani ya gari, nyuma ya bati la mbele, karibu na usukani. Kile cha Landrova kilitengenezwa kwa taa za gari peke yake. Ukiongeza taa za trela kinaelemewa, na dawa yake ni kukichomoa na kuchomeka kikubwa. Fundi alikuwa na kikubwa mfukoni. Akalizunguka gari mpaka mlango wa dereva, akaingiza kichwa, akaona godoro, na khanga ya mke wa mwanawe imetupwa juu ya kiti. Akatoa kichwa chake.

"Hii ya ndani utafanyiwa na mtu mwingine," akamwambia mwanawe.

"Tata, hii ni gari tu," kijana akamwambia baba yake.

"Mahali mtu na bibi yake wanalala ni nyumba."

"Basi nitoe godoro."

"Ukitoa godoro leo, nyumba inakuwa si nyumba?"

Kijana akaomba apewe hicho kikopo akichomeke mwenyewe. Baba yake akasema ataunguza gari. Hapo mimi nikadakia, mdomo wangu haujui kukaa.

"Fundi, mimi hapa sina mkwe wala mkamwana," nikasema. "Niambie pa kushika, niingie mimi."

Akanitazama, na akawatazama wale watu waliokuwa wakimsifu dakika chache nyuma. Angeweza kusema ndiyo. Sheria yake isingeguswa. Lakini ilikuwa ni kumpa mwanamke mshona nguo kazi yake mbele za watu.

"Waya si uzi, Mama Pwani," akasema.

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, ilikuwa imesemwa vizuri. Fundi akakirudisha kikopo mfukoni, akamwambia mwanawe apite kwa yule Mhindi, na asikawie. Kijana akaitikia, akaondoka na trela yake. Nilimwona akikata kona ya kituo cha petroli, taa ya kulia imewaka, imetulia.

Ilikuwa wiki iliyofuata, siku ya Ijumaa. Kijana alikuwa akitoka Nyaramba na mzigo mzima, ukungu umeshuka mapema, naye anaharakisha afike kwao kabla jua halijazama, asije akaikuta Sabato njiani. Alipokata kulia kuingia Kiogoro, lori lililokuwa nyuma yake likawa limeshatoka ili limpite. Dereva wa lori aliwaambia polisi kwamba taa ya kulia aliiona. Ilikuwa imewaka tu, haichezi, akadhani ni taa ya kawaida. Kijana alikufa hapo hapo. Mkewe alitolewa na mkono uliovunjika.

Nilikwenda msibani. Wanaume walikaa upande wao chini ya migomba, wanawake upande wao, na fundi alikuwa kwenye kiti cha mbao katikati ya wazee, amevaa tai. Mke wa marehemu aliketi chini, mkono umefungwa, uso hauna kitu. Shangazi mmoja, katika yale maswali ambayo watu huuliza msibani kwa kukosa la kusema, akamuuliza kama gari lilikuwa zima. Akajibu bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayesoma.

"Ilikuwa mzima. Alikuwa anasema Jumatatu atapeleka kwa ule fundi mwingine, atiwe ile kidude ya ndani."

Hakuwa anamlaumu mtu. Sidhani alijua kidude ni nini. Walioelewa pale tulikuwa wawili. Nilimtazama fundi, naye akaihamisha kofia yake kutoka goti moja kwenda jingine. Nilimwonea uchungu, na papo hapo nikamkasirikia hata nikatamani kumpigia kelele mbele ya watu wake, kisha vyote viwili vikanitoka na sikuhisi chochote. Niliondoka jioni sijalia. Nilirudi dukani, nikamalizia sketi za shule, mistari imenyooka.

Alirudi kazini baada ya matanga, tai shingoni. Wateja walisema imani yake ni kubwa, tazama alivyotulia. Na kweli alitulia. Alifanya kazi ileile, kwa mikono ileile, na asiyekaa jirani naye asingeona tofauti. Mimi niliiona. Zamani alianzia nyuma, kwenye soketi, palipokuwa na fahari yake. Sasa gari likiletwa alifungua mlango wa mbele kwanza, akaingia, akabadilisha flasha kabla hajagusa kitu kingine, hata kwenye magari ambayo hayakuhitaji. Na nilipomtania kuhusu kukonyezwa hakukohoa tena. Nilijaribu mara mbili tatu nikaacha. Alisema "Inakonyeza?" nikasema "Inakonyeza," basi.

Mvua ikija na radi hakuja tena kukaa kwangu. Aliendelea kufunga skrubu. Lile gurudumu lake lilikaa dukani kwangu miaka, nikaligeuza kiti cha wateja.

Siku moja, tumeketi kila mtu kwenye kibaraza chake, nilimuuliza kama usiku anapata usingizi.

"Ninalala vizuri," akasema. "Hiyo ndiyo mbaya."

Mimi nami nilikuwa ninalala vizuri.

Mabaki ya Landrova yalivutwa mpaka Kiogoro, yakawekwa nyuma ya nyumba ya mjane, kwenye migomba. Niliyaona nilipompelekea yule binti nguo zake. Mbele hapakuwa gari tena. Nyuma palikuwa pazima kabisa. Kifuniko cha mpira kilikuwa bado kinaziba soketi, nikakifunua, na ndani matundu yote saba yalikuwa yanang'aa, hayana kutu wala tope. Kila alichokifunga yule mzee kilikuwa kama alivyokiacha. Pazia moja la buluu lilikuwa linaning'inia, na kuku walikuwa wakitagia ndani. Binti aliniambia baba mkwe wake hupita hapo kila asubuhi akienda kazini, na akiona yai kwenye kiti huita mtoto aje alitoe. Yeye mkono haingizi.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaisha, dada yangu aliugua Mombasa, nami nikaamua kurudi kwetu moja kwa moja. Fundi alikuwa ameshaacha kuja mjini kila siku. Mikono ilikuwa inatetemeka, na jicho moja limeingia ukungu. Nilikodi Landrova ya mtu na trela, inifikishe mimi na mizigo yangu mpaka stesheni ya Kisumu nipande treni. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amesimama kwenye kibaraza chake kilichofungwa, tai, koti la kaki, fimbo. Aliniamkia, akanipa pole za dada, kisha akaizunguka ile trela na kuitazama soketi ya gari.

"Nani alifunga hii?" akamuuliza dereva.

Dereva, kijana mwenye adabu, akasema hajui, alilikuta gari hivyo.

"Washa kulia."

Ikawaka. Ikaganda. Fundi akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti na kutoa kikopo cha flasha. Sikumuuliza kama ndicho kile cha siku ya mwanawe. Bati lake lilikuwa limeng'ara kwa kushikwashikwa. Dereva akanyoosha mkono akipokee, akisema, "Nipe, mzee, nitaweka mimi."

"Hapana. Mama Pwani aingie."

Nikamtazama. Hakuwa ananitania. Alinikabidhi kile kikopo, na plaisi zake, zile zisizoguswa. Nikavua viatu, nikaingia, nikalala kwa ubavu kwenye kiti, kichwa chini ya usukani, umri wangu wote ukilalamika. Yeye akasimama mlangoni akinielekeza polepole.

"Nyuma ya bati. Upande ya mkono ya kulia. Umeshika? Kiko duara."

"Nimekishika."

"Vuta. Usivute waya, vuta kopo yenyewe."

Kikatoka. Kilikuwa cha moto kidogo. Nikatafuta matundu kwa ncha ya kidole, kama ninavyotafuta tundu la sindano macho yakichoka, nikachomeka kile kingine, kikaingia kwa sauti ndogo. Plaisi sikuzihitaji. Nilipoinua kichwa, fundi hakuwepo tena mlangoni. Alikuwa ameshakwenda nyuma ya trela.

Nikashusha kishikio cha kulia. Kikopo kikaanza kugonga: tik, tik, tik.

"Fundi! Inakonyeza?"

Nikamwita tena. Nikashuka miguu mitupu, nikazunguka trela. Alikuwa ameinama mbele ya taa, kiganja amekifunika juu ya kioo chake, na mwanga unapita katikati ya vidole, unazima, unapita tena. Dereva alisimama pembeni hajui aangalie wapi.

"Inakonyeza," akasema.

Akaiacha ikonyeze muda mrefu. Kisha akasema, bila kunigeukia, kwa sauti yake ya siku zote ya kazi:

"Kumbe hata wewe ungeweza."

"Ningeweza, fundi."

"Na ulisema."

"Nilisema."

Akatikisa kichwa. Akarudi penye soketi, akainama ili afunge kifuniko chake cha mpira juu ya plagi, kikamponyoka, akajaribu mara nyingine kikamponyoka tena. Nikakifunga mimi.